Kisu cha Greda na Foleni ya Sabuni

Mimi nilifundishwa kuendesha greda. Sikufundishwa kuishi na betri chumbani kama mke wa pili. Lakini mwanzoni mwa miaka ya themanini, kwenye kambi yetu ya barabara nje ya Ushirombo, kila opareta aligeuka mlinzi na kila mwenye spana akawa mshukiwa. Vipuri havikuwepo. Ukiibiwa pampu ya dizeli, mashine inakaa inaota nyasi huku barua zinakwenda Shinyanga na hazijibiwi. Nilikuwa naamka na hasira hata kabla ya kuibiwa.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Kazi ikiisha nafungua betri, naifunga kwenye keria ya baiskeli, naenda nayo nyumbani. Kabla ya hapo nashusha kisu cha greda, lile bamba refu la chini linalokwangua barabara, nakikandamiza udongoni mpaka magurudumu ya mbele yanakaribia kunyanyuka. Kisu kikishalaliwa na mashine nzima namna ile, hata ufungue bolti zote hakitoki. Mtu anaiba kisu cha greda cha nini? Kwa sababu madukani majembe hakuna, na chuma kile kikikatwa na kufuliwa kinatoa jembe ambalo mjukuu wako atalirithi. Wahunzi wa huko walikijua vizuri sana.

Mlinzi wetu alikuwa mzee mmoja Msumbwa, mtu wa upinde na mishale, mwenye kiti chake cha miguu mitatu ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia. Alilinda siku zote saba za wiki. Fomeni, msimamizi wetu wa kazi, alishatamka kwamba mlinzi akiiacha mashine hata dakika moja, kazi hana. Lakini mzee alitaka kwenda misa, na mimi sikuona kwa nini mtu anyimwe Mungu kwa ajili ya greda. Tukapatana wenyewe kimyakimya: Jumapili asubuhi naja kukaa mimi, yeye anakwenda kanisani, misa ikiisha anarudi. Tulikwenda hivyo miezi mingi, na hakuna mwingine aliyejua.

Sasa Jumamosi moja kisu kilikuwa kimelika upande mmoja. Nikakinyanyua juu ya magogo ili nikifungue na kukigeuza. Bolti zote zikalegea isipokuwa moja, ikanigomea mpaka muda wa kazi ukaisha. Nikakiacha vilevile, juu ya magogo, bolti zimelegea, nikijiambia kesho si nalinda mwenyewe, kuna shida gani. Opareta mwenye akili asingefanya hivyo.

Jumapili, mzee ameshaondoka na rozari yake, akapita mtu wa baiskeli akasema duka la ushirika limeletewa sabuni. Asiyeishi miaka ile hawezi kunielewa. Mke wangu alikuwa na mtoto mchanga na alikuwa anafulia maji ya majivu mpaka vidole vinachanika. Nikasema nakwenda mara moja narudi. Foleni ilikuwa imelizunguka duka, na muuza duka anakata miche kwa madaha utadhani anakata keki ya harusi. Nikapata mche mmoja. Niliporudi nilimkuta mzee amesimama mbele ya greda na shati lake la kanisani. Magogo yalikuwepo, kisu hakikuwepo.

Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba kesho niende kwa fomeni nikaseme yaliyotokea. Nikaitikia kwamba nitasema. Sikusema.

Jumatatu fomeni alifoka mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, kisha akampeleka mzee kwenye baraza la kijiji. Kambi nzima tulikwenda. Wakamuuliza mzee Jumapili alikuwa wapi. Akajibu kanisani, hakuficha. Wakamuuliza mashine alimwachia nani. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, na mzee hakugeuka hata mara moja kunitazama.

"Nilimwachia mtu," akasema. "Aseme mwenyewe."

Watu wakatazamana. Hakuna aliyenifikiria mimi, kwa sababu nusu ya kijiji ilikuwa imeniona kwenye foleni ya sabuni. Nami nikaufyata. Wakangoja kidogo, kisha wakaamua kwamba mzee kala njama na wezi na atatengwa mpaka amtaje mwenzake. Fomeni akamwachisha kazi palepale.

Kutengwa si mchezo. Hakuna wa kukusalimu, hakuna wa kukugawia kaa la moto, na anayekusalimu anatengwa pamoja nawe. Mke wa mzee alikuwa akifika kisimani anasubiri wote wachote kwanza, hata waliofika nyuma yake. Mimi nilipishana na mzee njiani karibu kila siku, amebeba kuni mwenyewe, mtu wa rika la baba yangu mzazi. Nilikuwa nainamia mnyororo wa baiskeli nikijifanya umekatika. Siku zile nilimchukia kila mtu: fomeni, muuza duka, mke wangu na sabuni yake. Mungu anisamehe, nilimchukia hata mzee. Nilimkasirikia kwa nini asinitaje tu, yaishe.

Wiki ya pili mke wangu alirudi kutoka gulioni na jembe jipya. Alikuwa na furaha sana, maana palizi ilikuwa imewadia na la zamani lilikuwa limelika likabaki kisogo tu. Nikalichukua, nikaligeuza. Kwenye ukingo, karibu na mpini, palikuwa na nusu ya tundu la mraba. Bolti za kisu cha greda ndizo zenye shingo ya mraba. Matundu yale nilikuwa nimeyakwangua tope kwa mkono wangu miaka na miaka. Nikatoka nikapita mashambani.

Nikaliona la pili, nikaliona la tatu. Shambani kwa mwenyekiti wa baraza, yuleyule aliyetamka mzee atengwe, mabinti zake wawili walikuwa wanapalilia pamba, na majembe yote mawili yana alama ileile. Kijiji kizima kilinunua, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mhunzi chuma kizuri kiasi kile kimetoka wapi. Damu ilinichemka. Yaani mtu anamnyima mzee wa watu moto wa kupikia uji, halafu anakwenda kulima na kisu chenyewe.

Kesho yake nikaenda barazani na jembe la mke wangu begani. Nikaeleza yote, magogo, bolti na sabuni, sikubakiza.

"Mlinzi wa siku ile nilikuwa mimi," nikawaambia. "Na wezi mnawatafuta wa nini, wakati kisu mmegawana?"

Mwenyekiti alitazama miguu yake. Fomeni alinishusha kwenye greda siku ileile, nikapewa koleo nichimbe mitaro, na hapo sikuwa na la kulalamika. Mzee alirudishiwa kazi. Watu wakafurika nyumbani kwake na kuku na pombe ya mtama, wepesi wa kusahau kama nini. Majembe hakuna aliyerudisha. Hata letu hatukurudisha, tulilima nalo.

Wote walipokwisha kwenda, nikaenda na mimi. Nilimkuta amekaa kwenye kiti chake anachonga mshale. Nikamwamkia, shikamoo mzee. Akaendelea kuchonga. Nikamwamkia tena, kisha nikaanza kujieleza, mara foleni, mara mtoto mchanga, mara nilimwogopa fomeni. Aliniacha mpaka maneno yakaniishia.

"Wale walininyima salamu kwa kuwa walidhani mimi ni mwizi," akasema. "Wewe ulininyima huku unajua."

Nilikaa kambi ile miaka miwili zaidi. Kila asubuhi nilipita mbele yake na koleo langu, na kila asubuhi nilimwamkia. Hakuniitikia hata siku moja.