Tarehe ya Mzee Eustache

Mzee Eustache alikuwa na daftari la jalada la bluu ambalo mtu hakuthubutu kuligusa. Humo aliandika wafalme wa mwisho wa Ulaya: jina, siku ya kuondoka, mahali alipofia. Manuel wa Ureno, 5 Oktoba 1910, akafia Uingereza. Wilhelm wa Ujerumani, Novemba 1918, akazeekea Uholanzi akipasua kuni. Umberto wa Italia, 13 Juni 1946, baada ya kutawala mwezi mmoja tu na siku chache. Mihai wa Romania, 30 Desemba 1947, ambaye baadaye alifuga kuku ugenini. Mzee mwenyewe shule aliiacha darasa la tano huko Bujumbura. Haya aliyaokota mwenyewe, kwanza katika maktaba ya mapadri aliyokuwa akiifagia, kisha katika maktaba ya hapa mtaani Weston, Toronto.

Watu walidhani anawahurumia wafalme wale. Sivyo, aliwaonea kijicho. Hata huyo wa mwezi mmoja, dunia nzima inajua siku aliyovuliwa taji.

Yeye naye aliwahi kutawala. Kwa miaka kumi na tisa, Mrundi aliyekwenda kuposa Toronto alimkuta Mzee Eustache amesimama kama msemaji wa upande wa binti, fimbo mkononi, akijifanya hawajui wageni. "Mmepotea njia? Kituo cha treni kiko kule chini." Aliwatoa jasho nusu saa nzima kabla ya kukiri kwamba nyumba ile ina msichana. Ndivyo binti anavyopewa uzito.

Ikafika posa ya mjukuu wake, Joyeuse. Mama wa binti, Pulchérie, alimwendea mzee huku akikunja kanga ambayo haikuhitaji kukunjwa.

"Baba, maneno tumempa Elias."

"Yule Mtanzania?"

"Ni rafiki wa familia, na anazungumza vizuri."

"Hata kasuku anazungumza vizuri."

"Baba, wewe unarefusha. Ukumbi wa kanisa tumepewa kwa muda wa saa tatu tu."

Siku ya posa, Elias alisimama mbele amevaa suti inayong'aa kama sahani mpya. Mzee alikaa safu ya pili. Josué, msemaji wa upande wa mvulana, akaingia na watu wake, akakohoa, tayari kwa vita.

"Karibuni sana, wakwe zetu," Elias akasema. "Binti yenu yuko tayari."

Josué akageuka kuwatazama watu wake. Binti alikuwa ametolewa kabla hajaombwa!

Moyo wa mzee uliruka kwa furaha. Akaishika fimbo, akaweka sawa sentensi ya kuokoa jahazi. Sasa wangegeuka kumtazama, wangemwita.

"Basi kazi yetu imekwisha," Josué akasema. "Chakula kiko wapi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Joyeuse akapiga makofi. Mama mmoja akasema hajawahi kuona posa tamu kama hii.

Mzee alimfuata Josué kwenye meza ya chakula.

"Umeona alichofanya?"

"Nimeona, Mzee. Kamgawa bure."

"Na ukanyamaza."

"Mzee wangu, nimevaa viatu vipya. Kwako ningesimama mpaka jioni." Akajiongezea ndizi, akaenda kuketi karibu na Elias.

Hapo ndipo mzee alipofahamu. Kama Elias angeshindwa, yeye angerudishwa. Lakini Elias alikosea na hakuna kilichoharibika, kwa kuwa wajuao kosa walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa na njaa.

Akatoa daftari. Chini ya Mihai akaandika jina lake, na tarehe ya siku hiyo. Safu ya tatu, ile ya mahali pa kufia, akaiacha tupu.

Joyeuse alimletea sahani, akachungulia, akamuuliza kwa Kiingereza anaandika nini.

"Tarehe," akajibu, akalifunga daftari. "Nisipoiandika mimi, nani ataiandika?"