Kaa la Moto Ndani ya Raba

Harufu ya viazi vilivyofukiwa kwenye majivu ndiyo Julai yangu. Kule Ipogolo baridi ya mwezi huo iliingia hadi kwenye mifupa, nasi wajukuu tuliokuja likizo tulishinda jikoni kwa bibi, tumeyazunguka mafiga matatu, tukigombania kiazi kikubwa huku sufuria ya chai ikitokota. Bibi alifuga sungura humo humo jikoni. Aliwafuga hasa kwa ajili ya manyoya, maana kila aliyeungua pale mtaani alikuja kuomba ya kubandika kwenye kidonda, na bibi hakumnyima mtu.

Asubuhi moja mimi na binamu yangu Festo tulivutana kiazi, tukaipiga kumbo sufuria. Chai ikammwagikia Festo mkononi, na kaa la moto likarukia ndani ya raba yangu. Festo alipiga yowe lililosikika hadi barabara kuu. Mimi nilirukaruka, nikahangaika na kamba, na raba ilipovuka maumivu yalikuwa yamekwisha. Nikajiona shujaa wa ukoo. Bibi tayari alikuwa anamkimbiza sungura mweupe, na sungura hakuwa na mpango wowote wa kusaidia wagonjwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Shangazi Neema, muuguzi wa zahanati, alikuja mbio kutoka nyumba ya pili. "Mama, mwache sungura, leta maji!" Akatumiminia maji ya baridi taratibu, kwa muda mrefu, hadi meno yakagongana. Kisha akamtazama Festo. Mkono ulikuwa mwekundu wenye malengelenge; alipoubonyeza pakawa peupe, wekundu ukarudi, na Festo akatishia kumng'ata. "Huyu atapona haraka," alisema. Akageukia mguu wangu. Karibu na vidole palikuwa na doa dogo, jeupe, kavu.

"Unasikia nikigusa?"

"Sisikii kitu, shangazi," nilijibu kwa majivuno.

Uso wake ukabadilika. "Mama, aliyeungua ni huyu. Moto umeshuka chini kabisa, umeua hata hisia. Tusipomwahisha hospitali, vidole vitakakamaa, asitembee vizuri." Hapo ndipo nilipoogopa, nikalia kumshinda Festo. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Hospitali walichukua ngozi ya pajani wakaipandikiza mguuni. Festo, debe tupu letu, alikuja kila siku na viazi vya kuchoma mfukoni, akinisimulia ushujaa wake mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikitembea, na bibi alicheza barazani bila ngoma.

Leo mimi ni muuguzi Mbeya. Bibi hayupo, na wajukuu zake tunapikia gesi. Manyoya bado naletewa, yamegandia vidondani, nami nayaosha bila kugomba. Wengine hutuma kwanza picha kwa simu, lakini picha huwezi kuibonyeza. Wiki iliyopita mama mmoja alimleta binti yake aliyemwagikiwa uji. Nilipomgusa tu, mtoto akanipiga teke la kifua na kuniita mchawi. Mama yake aliona aibu, akataka kumziba mdomo.

"Mwache, mama," nilimwambia nikicheka, furaha imenijaa. "Mwache apige kelele."