Mkamwana Ndani ya Kabati la Gereji

Makabati ya gereji yetu niliyatengeneza mimi, kwa mikono hii, kuanzia mbao mpaka bawaba. Nilikuwa nakaza skrubu ya mwisho niliposikia sauti ya baba mkwe, katoka kijijini kwake Busale bila taarifa. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana haonani na baba mkwe wala hasemi naye. Nikajitumbukiza kabatini, nikafunga.

Akaingia na mume wangu, akapapasa milango, akasifu.

"Fundi nani?"

"Mimi mwenyewe, baba."

Damu ikanichemka. "Mwongo huyo!" nikapiga kelele humo ndani. "Hata msumari unamshinda!"

Nikatamani kabati linimeze, kumbe lilishanimeza.

Mzee akacheka, akageukia ukutani.

"Mwambie mkamwana atoke, simtazami. Na kwangu aje atengeneze kama haya."