Ulezi Ambao Kuku Waliukataa

Mwezi uliopita nilipanda tena kijijini kwetu Mkumbi kusimamia kijumba ninachojenga kwenye kiwanja cha ukoo. Fundi alikuwa anamwaga dawa ya mchwa kwenye msingi. Harufu iliponifikia nikaondoka, nikaenda kusimama kule kwenye mibuni nikijifuta macho. Fundi akanipa pole ya mafua, nikaitikia. Sasa ningemwambia nini? Wewe tumetoka mbali, wewe nitakusimulia.

Hapo hapo ndipo ilipokuwa nyumba ya bibi. Wazazi wangu walikuwa wakifanya kazi Songea, mimi nikakulia kwake, sisi wawili tu na kuku wake. Kulikuwa na ukungu asubuhi, ule wa kwetu unaokaa bondeni mpaka umalize uji. Kulikuwa na harufu ya maharage yakichemka tangu alfajiri, na milio ya majembe ya watu wakichimba ngoro, yale mashimo yetu ya mlimani yanayozuia mvua isiondoke na udongo. Nikifumba macho bado nasikia jembe la bibi, lilikuwa na pigo lake, zito halafu jepesi.

Nyuma ya nyumba, hatua kama thelathini, kilisimama kichuguu kirefu kunizidi mimi. Kilikuwa mali yake. Usishangae, kwetu kichuguu kina mwenyewe kama shamba lilivyo na mwenyewe. Bibi alikabidhiwa na mama mkwe wake siku alipoolewa, na mama mkwe naye alikabidhiwa. Mvua za kwanza zikinyesha, tulikifunika kwa matawi na majani ya migomba, tukaacha tundu moja na chungu chini yake. Kisha bibi alinikalisha pale nigonge vijiti viwili, taratibu, ili kumbikumbi wadhani mvua imerudi. Wengine hutoka alfajiri, wetu walikuwa wa alasiri. Mabawa yalijaa hewani, jua likipita ndani yake, na mimi nagonga tu, usingizi unanichukua, nagonga.

Bibi aliwakaanga kwa mafuta yao wenyewe, na chumvi. Halafu akagawa. Kila nyumba ya jirani ilipata bakuli, hata ile ya mama mmoja waliyenuniana mwaka mzima kwa ajili ya mbuzi. Nilikuwa mpeleka mabakuli, na nakwambia, hakuna mtoto aliyepokelewa vizuri kijijini kama mimi siku zile. Bibi alikuwa mjane asiye na ng'ombe wala duka, lakini alikuwa mtu wa kutoa. Alisema, "Mkono mtupu haulambwi," na wake haukuwa mtupu.

Hao hao mchwa hakuwaachia nyumba. Kila Jumamosi tulizunguka kuta na kijiti, tukitafuta vile vinjia vya udongo wanavyojenga wakipanda. Tukikiona, tunakikwangua, tunamwaga majivu ya moto. Kuni ilikuwa marufuku kuegemezwa ukutani. "Mchwa wa udongo hatembei uchi," alinifundisha, "anajijengea paa kwanza. Usipoona paa lake, hayupo."

Kisha zikaja zile siku za soko huria. Ushirika ukayumba, wakaja wanunuzi binafsi na magari yao, kahawa ikachukuliwa mlangoni, na magari yakirudi yanaleta kila kitu: mitumba, redio, mabati. Baba mdogo, aliyekuwa akiishi Mbinga mjini, akamwezekea mama yake bati. Mbao za kenchi, zile za kubebea bati, zilikuja na lori kutoka Mbaha, huko ziwani kwenye joto, na zilikuwa nyeupe, nzuri kutazama. Jiko nalo likahamishiwa nje, maana ilisemekana moshi utaharibu bati. Bibi alilala chini ya paa lisilonuka moshi kwa mara ya kwanza maishani, akalalamika kwamba pua haimtambui.

Kazi yangu ilikuwa kufagia. Mwaka wa pili wa lile bati nikaanza kukuta punje sakafuni, ndogondogo, za kahawia, karibu na kapu la ulezi. Nikafagia. Kesho yake zipo tena. Bibi alikuwa mkali kwa ulezi wake wa pombe. Kumwaga ulezi nyumba ile ilikuwa kesi, na mshtakiwa alijulikana kabla ya kesi kuanza. Macho yake hayakuwa mazuri tena, basi mimi nikawa naamka mapema, nazikusanya kwenye kiganja, nawatupia kuku. Kuku wakazitazama, mmoja akadonoa, akatema, wakaondoka. Nikawaona wamedeka. Nilifanya hivyo miezi na miezi, kimya, nikijipongeza kwa werevu.

Siku moja baada ya upepo mkali bati likabonyea upande wa chumba cha bibi. Baba mdogo akaja, akapanda, akabonyeza kenchi kwa kidole na kidole kikazama. "Mchwa," alisema. Akashuka, akakitazama kichuguu. "Mama, hawa unaowafuga ndio wanakula nyumba yako."

Bibi akamshika mkono, akamzungusha kuta zote nne. "Nionyeshe njia yao. Moja tu, mwanangu."

Haikuwepo. Baba mdogo akasema wamepitia ndani ya ukuta. Kisha akasema kwa upole, na nadhani upole ule ndio uliomshinda bibi, "Bati likikuangukia, mimi nitawaambia nini watu?"

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilifagia asubuhi ile, na punje zilikuwa nyingi kuliko siku zote. Nikawaza niseme kwamba kuna ulezi unamwagika na si mimi. Nikaona wakubwa wanaongea mambo ya nyumba, mimi nitaleta habari za ulezi, nichapwe bure. Nikaenda kuurudisha ufagio.

Vijana wawili wa kijijini wakakichimba kichuguu kutwa nzima. Alasiri wakamtoa malkia, mnene kama kidole gumba, mweupe, hajui hata kukimbia. Baba mdogo akamimina dawa aliyoinunua mjini kwenye chupa isiyo na karatasi. Harufu ikakaa wiki nzima. Bibi alikuwa jikoni akichambua maharage, na nilimwona akiyachambua yale yale mara mbili.

Mwezi haukuisha, kenchi nyingine ikavunjika. Safari hii aliletwa seremala. Akashusha kipande cha mti, akakigonga kwenye jiwe, na ndani yake zikamwagika punje za kahawia, kiganja kizima. "Hawa si wa kichuguu," alisema. "Ni mchwa wa mbao kavu. Anazaliwa humo na kufa humo, udongo haujui. Mlikuja nao na mbao. Hiki ni kinyesi chake. Ina maana hamkuwa mkikiona sakafuni?"

Baba mdogo akainama kama aliyeangusha kitu. Mimi nikakimbilia jikoni, nikamwambia bibi yote: ulezi, kuku, asubuhi zote zile. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Alinisikiliza huku akikoroga chungu.

"Ungeniambia, ningekuchapa," alisema mwishowe.

"Ndiyo, bibi."

"Ningekuchapa, halafu ningeenda kuangalia." Akafunika chungu. "Basi, tumekosa wote wawili. Leta sahani."

Mvua za mwaka ule zilikuja vizuri. Alasiri moja mabawa yakajaa juu ya mashamba ya wenzetu, na kwetu hewa ilikuwa tupu. Bibi alikaa kibarazani mikono mapajani. Hakuwa na kazi nayo.

Jioni haijaingia, akaja yule mama wa mbuzi na bakuli limefunikwa kwa jani. "Shikamoo, mama," alisema, akapiga goti, "na sisi leo tumepata kidogo." Bibi akasimama. Sikuwahi kumwona akipokea, na naamini naye hakujua mikono ikae wapi. Aliunyosha mmoja, akaurudisha, kisha akainyosha yote miwili kama mtoto.

Sasa nyumba ile haipo, ukungu siku hizi unaondoka mapema, na kule nyuma ni mibuni tu. Watu husema tulipoteza kichuguu. Mimi nilikuwepo, ndugu yangu, najua kilichopotea. Mwaka uliofuata yakaletwa mabakuli matatu, na mwaka wa nne bibi alikuwa ameshajifunza kusema asante.