Sikio la Fundi Madi

Nakumbuka siku moja kwa masikio kuliko kwa macho. Ilikuwa mtaani Tanambao, Mahajanga, Madagaska, miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Fundi Madi alikuwa amechutama kando ya pikipiki yangu, kichwa amekiinamisha, macho ameyafumba, anaisikiliza injini kama mimi nilivyofundishwa kusikiliza tumbo la mjamzito.

Mwanangu, nimesikia umenunua pikipiki. Hongera. Basi keti kidogo nikusimulie, maana lililonipata mimi sipendi likupate wewe.

Nilikuwa mkunga kijana, nimemaliza mafunzo juzi tu, nimepangiwa kazi Andoany, hapa kisiwani Nosy Be. Baba alinitafutia pikipiki ndogo iliyokwisha kutumika, ya aina ile inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Fundi Madi alikuwa rafiki yake, Mngazija kama sisi, mwenye asili ya visiwa vya Komoro. Watu wetu wengi walikuwa wameshauhama mji baada ya machafuko ambamo Wangazija walishambuliwa, na nyumba nyingi za mtaani zilikuwa na makufuli. Yeye alibaki na spana zake. Kwetu kwa neno fundi tunamwita pia mwalimu wa chuoni anayetusomesha Kurani, na mzee yule alistahili maana zote mbili.

Siku hiyo, lakini, aliniudhi. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Kumbe kwanza maswali: mfuko wangu wa kazi una uzito gani? Barabara za huko zina vilima? Nitampakia mtu? Kisha akaigusa kabureta kidogo, akaiendesha pikipiki mwenyewe mpaka mwisho wa mtaa, akarudi, akafungua plagi na kuitazama juani. Nyeusi, yaani mafuta yamezidi. Akarekebisha, akaenda tena. Mara ya nne plagi ilitoka na rangi ya kahawa iliyokaangwa vizuri. Adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa.

"Mbona mlio wake mzito hivi?" nikalalamika. "Za wenzangu zinalia kwa ukali."

"Mwanaesha, wewe hukuajiriwa kupiga kelele," akanijibu. "Hii itakufikisha. Ukiiona imebadilika, usimpe mtu kwa sababu tu yuko karibu. Niandikie kwanza."

Nikaitikia kwa heshima. Kuitikia ni rahisi, mwanangu.

Nosy Be nilikaa miezi kadhaa bila tatizo. Pikipiki iliwaka kila asubuhi, ikapanda kila kilima. Ila ilikuwa haina mbwembwe, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Karibu na soko la Andoany palikuwa na mwanamume mmoja mcheshi, Tombo, aliyetengeneza baiskeli na chochote chenye magurudumu. Akanisikia napita.

"Dada, pikipiki yako imelala. Nikuamshie? Hata chai haitapoa."

Na kweli haikupoa. Akaishusha sindano ya kabureta ili mafuta yapungue, akachezea na wakati wa plagi kutoa cheche, basi. Nilipoiwasha ililia kama nyuki aliyekasirishwa. Iliruka! Watu sokoni waligeuka kunitazama, nami nikafurahi kutazamwa. Jioni ile nikamwandikia Fundi Madi barua kumweleza sindano ilivyoshushwa, na ndani yake nikatia mzaha: kwamba huku wapo wanaomaliza kwa kikombe cha chai yale anayoyafanya yeye kutwa nzima. Wazee walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Nilikuwa naijua methali hiyo tangu utotoni, wala sikuikumbuka.

Baada ya wiki tatu nikaitwa Ambatoloaka. Wakati huo kilikuwa kijiji kidogo tu, hizi hoteli na muziki wake hazijaja. Mwanamke aitwaye Vola alikuwa na uchungu wa mtoto wa kwanza, na wazee wa kike walishahisi kwamba mtoto anatangulia kwa miguu. Ilikuwa asubuhi, jua limeanza kuwa kali. Nikakaza mwendo. Katikati ya mashamba ya miwa, kwenye mwinuko, injini ikapiga ukelele mmoja mwembamba, ikanyamaza. Gurudumu la nyuma likakwama palepale, nami nikatupwa majanini.

Nikaikanyaga kuiwasha; haikusogea hata kidogo. Ilikuwa imenoki, pistoni imeng'ang'ania ndani ya silinda. Nikaubeba mfuko kichwani na kukimbia, nikachoka, nikatembea, nikakimbia tena. Hakuna gari lililopita.

Nilipofika, mtoto alikuwa ameshatoka. Hakuwa anapumua. Nilifanya yote niliyofundishwa, na mengine niliyoyabuni kwa hofu. Alikuwa wa kiume, mwenye nywele nyingi. Mama yake nilimwokoa, alhamdulillahi, maana alikuwa anavuja damu. Nilipokwisha, nikakaa sakafuni, nikashindwa kujizuia. Mama mzazi wa Vola akanishika bega, akaniambia kwa Kimalagasi, "Aza mitomany," nisilie. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Angeniuliza, ningeumia kidogo zaidi siku ile, na pengine ningeumia pungufu miaka iliyofuata.

Siku mbili baadaye ikafika barua kutoka Mahajanga. Fundi Madi hakuujali mzaha wangu. Aliandika mstari mmoja tu: "Mwanangu, irudishe sindano mahali pake leo hii, kabla hujaipanda tena."

Nikaomba ruhusa kazini, nikaipakia pikipiki kwenye meli ya mizigo, nikaenda nayo. Akaifungua silinda mbele yangu, akanionyesha pistoni iliyokosa oili ikachubuka kama goti la mtoto aliyeanguka. Nikamsimulia yote. Akaweka spana chini, akanawa mikono, akamsomea yule mtoto Fatiha. Kisha akasema, bila ukali wowote:

"Tombo hakukudanganya. Ulimwomba mlio, akakupa mlio. Hakujua unakwenda wapi, wala wewe hukumwambia. Mimi nilikuuliza."

Hilo ndilo karipio lote nililopata kwake. Lingine alilonipa ni kazi: siku tatu nilikaa kibandani pale nikifundishwa kusoma plagi na kusikia injini inapokosa mafuta. Baada ya hapo, kila likizo nilikuwa nakwenda Tanambao, na kila mara alianza upya na maswali yaleyale. Mfuko una uzito gani? Vilima je? Mpaka mwaka niliofika nikakuta kibanda kimefungwa. Binti yake alikuwa amemchukua kwenda Ngazija, na huko ndiko alikofia.

Nimewapata mafundi wengine, na wawili watatu walikuwa wazuri. Lakini hakuna aliyeniuliza vile. Siku hizi pikipiki hapa kisiwani hazihesabiki, nami nikikaa barazani nazisikiliza zikipita. Nyingi zinapiga kelele tupu. Mara mojamoja hupita yenye sauti nzito iliyotulia, nami nainuka. Natamani kumwita mwendeshaji, nimuulize, nani kaitengeneza? Anakaa wapi? Lakini ameshapita.

Basi mwanangu, mtafute anayeuliza kabla ya kugusa, anayeipanda mwenyewe kabla ya kukurudishia, na asiyeona haya kukwambia hapana. Mweleze ukweli wa safari zako, hata ule usiopendeza. Ukimpata, mpe muda wake. Kutwa moja kibandani si hasara. Wala usiache mbachao kwa msala upitao. Na mwambie asante angali anasikia, mimi nilichelewa hata katika hilo.

Mwenyezi Mungu akukutanishe na mikono yenye amana. Akulinde barabarani, kwenda na kurudi. Na kila utakapoitwa na mwenye shida, akufikishe mapema. Amina.