Mwanafunzi wa Makumbusho ya Tern Cove

Makumbusho yetu hapa kijijini Tern Cove yalikuwa ni Loretta Pynn. Mwenyekiti yeye, mfagiaji yeye, na watalii wakija, ni yeye aliyewatembeza kwenye lile ghala la zamani la samaki wa chumvi akiwaonyesha mapipa na ndoano za babu zetu. Kila Januari, theluji ikiwa imepanda hadi madirishani, aliketi jikoni kwake akaiandikia serikali kuomba fedha za kuajiri wanafunzi wakati wa kiangazi. Tangu serikali ifunge uvuvi wa chewa, hiyo ilikuwa karibu kazi pekee ambayo mtoto wa hapa angeweza kuipata bila kupanda ndege kwenda Alberta, mbali huko magharibi.

Mwaka ule serikali ilitoa nafasi moja tu. Walioitaka walikuwa wawili: Jolene Hedderson, na Wade, mtoto wa pekee wa mjane Maud Roul. Loretta akamchukua Jolene. Wade akafunga begi, akaenda Alberta kuosha magari ya migodini.

Kazi haijashika kasi, mama yake Loretta akaanza kupotea. Effie alikuwa na umri wa miaka tisini, na akili ilikuwa inamtoka kidogo kidogo. Asubuhi moja walimkuta gatini na gauni la kulalia, anamfokea mumewe, aliyekwisha kufa zamani, arudishe mashua. Loretta akamshika mkono akamrudisha nyumbani, kisha akampigia Jolene simu.

"Mwanangu, leo usiende makumbusho. Njoo ukae na mama. Leo tu."

"Haya, Shangazi, nakuja."

Leo tu ikawa kiangazi kizima. Jolene alimwogesha Effie, akamlisha, akamchana nywele, akamfuata kila alikokwenda. Makumbusho yakakaa na kufuli. Gari la wageni likionekana, Loretta alishuka mbio na ufunguo, aproni bado kiunoni. Sote tuliona, tukanyamaza. Yeye naye hakumwomba mtu msaada. Akina Pynn hawana desturi ya kuomba.

Mwezi wa nane akaja ofisa wa serikali kukagua, kijana mpole anayeitwa Gillingham. Alipokuta kufuli, akaenda kubisha hodi nyumba ya jirani, ambayo ndiyo ya Loretta. Loretta mwenyewe alikuwa kilimani anachuma matunda ya kutengenezea jamu. Aliporudi na ndoo yake, akasikia sauti ngeni jikoni, akasimama nje ya mlango.

"Nakusanya hadithi za Bibi Effie," Jolene alikuwa anaeleza, kijiko cha supu ya njegere mkononi. "Ni za makumbusho. Wazee wakiondoka ndio basi tena. Shangazi Loretta kanifundisha namna ya kuwauliza."

"Hiyo ndiyo kazi tunayoitaka hasa," ofisa akasema.

"Huyu nani?" Effie akadakia. "Mwambieni atoke, binti anataka kuniogesha!"

Ofisa akacheka. Alipomwona Loretta akasimama kumpa mkono. "Bi Pynn, laiti wote wangekuwa kama wewe."

"Asante," Loretta akajibu.

Gari lilipoondoka, Jolene alirukaruka. "Tumemweza, Shangazi! Uliuona uso wake? Kameza yote!"

Loretta akageukia sinki, akawa anaosha matunda ambayo hayakuwa machafu. Uso ulimwaka moto. Binti hakubabaika hata kidogo. Aliusema ule uongo kama mtu anayesoma tangazo la hali ya hewa. Kwenye maombi Loretta alikuwa ameahidi kwamba mwanafunzi atafundishwa kazi. Haya, basi, kafundishwa.

Jolene hakuificha; siku ya pili habari ilikuwa imeshaenea. Alipoingia dukani kununua maziwa ya kopo, mtu akapiga kelele, "Loretta, naambiwa makumbusho sasa yana kitanda na bafu!" Duka zima likacheka, na mimi nikiwemo. Loretta alijaribu kucheka, midomo ikakataa.

Maud Roul hakucheka. Alimfuata hadi nje.

"Kwa nini hukuniambia, Loretta?"

"Nikuambie nini?"

"Kwamba mama amekuelemea. Ningekuja kila siku, bure. Mimi na nyumba tupu tunaangaliana tu. Effie ndiye aliyempokea Wade wangu alipozaliwa, umesahau?" Akahamishia mfuko wa duka mkono wa pili. "Na ile nafasi ya ghalani, iliyoishia kufungiwa kufuli, angeishika Wade, alale kitandani kwake."

Loretta angeomba msaada kwa jirani, aibu ingekuwa ya dakika moja. Aliikimbia hiyo.

Mchana ule ule alimpigia Gillingham simu, akamweleza yote. Alirudia zaidi ya mara moja kwamba binti alitii tu alichoagizwa. Ofisa akasema kwa huzuni, "Bi Pynn, afadhali siku ile nilipokusifu usingeniambia asante." Serikali ikadai fedha zake zirudishwe, na kiangazi kilichofuata hatukupewa mwanafunzi hata mmoja. Loretta aliacha uenyekiti kabla hatujamwomba.

Jolene ndiye aliyeumia kuliko wote. "Mimi nilikukinga," alimwambia, machozi yakimtoka, "wewe ukaenda kunianika mbele ya serikali! Ungeniambia kwanza, basi!"

"Kweli, mwanangu. Ningekuambia kwanza. Nisamehe."

Siku hizi Jolene anasoma chuo mjini St. John's, akirudi likizo anamsalimia Loretta kwa kichwa tu, anapita.

Maud alikuja kukaa na Effie hadi bibi alipofariki majira ya kuchipua, na hakuligusia tena lile jambo la Wade. Loretta alisema ingekuwa nafuu kama angemtukana. Kila asubuhi alimfungulia mlango, akamwekea chai na mkate wa kukaanga, akashindwa kumtazama usoni.