Kopo la Maharage Sokoni Buhinyuza

Siku hizi kituo chetu cha utafiti wa uchumi kina vyumba vinne hapa Gitega, nami ndiye mkurugenzi. Lakini ninachokitamani ni ule mwaka wa kwanza, tulipokuwa wawili katika chumba kimoja nyuma ya cherehani za mama. Uchumi sikuusomea chuoni. Niliusoma mwenyewe katika vitabu vya kuazima, ndiyo maana niliogopa mno kukosea. Jedwali moja niliweza kulihakiki mara kumi.

Mwaka ule wizara ilikubali kusikiliza ripoti yetu ya kwanza, ya bei ya maharage. Ingekataliwa, tungefunga. Ripoti ilisema bei haijabadilika tangu mavuno. Siku moja kabla ya kuipeleka nilikwenda Buhinyuza, mkoani Muyinga, kuwasomea wauzaji waliotupatia bei hizo.

Mmoja wao, mama aliyekulia Tanzania, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bei ni ileile, mwanangu, hujakosea. Kopo tu ndilo halijai kama zamani."

Akajaza kopo mpaka likafanya kichuguu, akaongeza viganja viwili juu. "Wakati wa mavuno niliuza hivi." Kisha akapitisha mkono mdomoni mwa kopo, maharage yaliyozidi yakarudi guniani. "Leo nauza hivi."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Uliniuliza bei. Ungenunua ungeona. Miezi yote hii unakuja na daftari, hata kopo moja hujanunua."

"Labda huko Gitega wanakula karatasi," jirani yake akadakia.

Nilicheka nao. Utotoni nilimfuata mama sokoni, naye hakuondoka kwa muuzaji mpaka atiwe nyongeza, amekinga upindo wa khanga. Nyongeza niliijua kabla ya kujua kusoma. Kisha nikajifunza uchumi, nikaiacha nje, kwa kuwa jedwali langu halikuwa na safu yake.

Nakiri nilifikiria kunyamaza. Wizarani nani angejua? Nilizunguka soko lote simu ikiwa mkononi, mara mbili, ndipo nikampigia ofisa aliyekuwa akitungoja.

"Direkta, iko nini tena?"

"Ripoti ina kosa. Watu wanalipa bei ileile, lakini wanapata maharage machache zaidi. Naomba wiki mbili."

"We, wiki mbili hapana. Kesho napatia wengine nafasi yako. Mi sijui kama watakuita tena."

Nilirudi kwa yule mama, nikanunua kopo moja, nikaazima mizani kwa muuza nyama. Mwenzangu alipofika kutoka Gitega tulihamia kwa muuzaji wa pili, kisha wa tatu, tukipima na kuandika upya ukurasa wa kwanza. Hatukujua kama kuna atakayeusoma. Sikumbuki siku nyingine niliyofanya kazi bila kuogopa.